Kipandauso, vidonge vya alfajiri na kichwa kisichopumzika

Swali: “Assalaam aleykum daktari. Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 36, naishi Langoni, Lamu. Kichwa kinanisumbua tangu nilipokuwa msichana. Zamani kilikuwa kikija mara moja kwa mwezi, karibu na siku zangu. Kinaanza upande wa kulia nyuma ya jicho, kinapiga kama mchi kwenye kinu, natapika, sitaki mwangaza, sitaki kelele, hata harufu ya udi siitaki. Nikilala chumba cha giza, kesho yake nimepoa. Mara nyengine kabla hakijaanza huona vimulimuli kama meno ya msumeno, kama nusu saa hivi, kisha vinaondoka.

Tangu mwaka jana mambo yamebadilika. Kichwa sasa ni kila siku. Naamka nacho saa kumi alfajiri nikienda kupika mahamri ya kuuza, na bila vidonge viwili siwezi kusimama jikoni. Ni vile vya dukani vya mchanganyiko. Jioni mara nyingi naongeza viwili vyengine. Nimepima presha duka la dawa ikawa 134/86, muuzaji akasema huenda ndiyo presha inaanza, na kama vidonge havinisaidii tena atanipa vikali zaidi. Mamangu mkwe anasema ni macho ya watu. Nimeandikiwa kombe, nimeumikwa, hali ni ile ile. Mume wangu anataka auze punda mmoja twende Mombasa nikapigwe picha ya kichwa, isije ikawa ni uvimbe. Natumia vidonge vya kupanga uzazi, miaka miwili sasa. Daktari, hiki kichwa ni cha nini? Harusi ya mdogo wangu ni baada ya wiki saba, na mwenye shughuli ni mimi.”

Waaleykum salaam, dada. Barua yako nimeisoma mara mbili, kwa sababu ndani yake mna vichwa viwili, si kimoja. Kuna kile cha tangu usichana, chenye tarehe zake na tabia zake. Na kuna hiki cha kila siku, ambacho ni mgeni wa mwaka jana. Wewe umevihesabu kuwa kimoja kilichozidi, na aliyekuuzia dawa pia, na ndiyo maana umekuwa ukikitibu cha kwanza kwa namna inayomnenepesha wa pili.

Lakini nianze na uvimbe, maana mwenye hofu hasikii la mtu. Uvimbe wa ubongo upo, sikufichi. Ila haukai na mtu miaka ishirini ukimtembelea mara moja kwa mwezi kisha ukaenda zake. Mwendo wake ni wa kuzidi, wiki hii kuliko iliyopita, na njiani huacha alama nyingine: mkono unaolegea, kifafa kwa mtu ambaye hakuwa nacho, tabia inayobadilika, macho yanayofifia, kutapika kila asubuhi. Kichwa peke yake, bila jingine, ni nadra kuwa uvimbe. Kwa hiyo mwambie mumeo amwache punda wake kwa sasa. Sharti langu ni moja: uonwe kwanza na daktari au ofisa wa tiba hapo hapo Lamu, akuchunguze kwa mikono na macho yake. Akutazame ndani ya jicho kwa taa, akupime nguvu za mikono na miguu, mwendo wako, kauli yako, shingo yako. Hayo ni mambo ya robo saa. Akikuta kila kitu sawa, picha ya CT kwa mtu mwenye historia kama yako huwa haiongezi chochote ila mionzi na gharama, na wakati mwingine huonyesha kidoa kisicho na maana ambacho kitakunyima usingizi mwaka mzima. Akikuta kitu kisicho sawa, hapo hata mimi nitasema punda auzwe.

Presha nayo. 134/86 iko juu kidogo ya pale tunapopapenda, na inafaa ipimwe tena siku mbili tatu tofauti, ukiwa umekaa na kutulia, si umetoka sokoni na beseni kichwani. Lakini presha ya kiasi hicho haiumizi kichwa. Pwani yetu hii kila kichwa kikiuma huitwa presha, na kila presha hungojewa iume kichwa ndipo inywewe dawa, na yote mawili ni makosa. Watu wengi wenye 160 au 170 hawahisi kitu kabisa. Presha ya kuumiza kichwa ni ile iliyopanda mpaka 180/120 au zaidi, na mtu huyo mara nyingi huwa pia na ukungu machoni, kifua kizito au kuchanganyikiwa. Kwako huenda mambo yakawa kinyume. Maumivu hupandisha presha, kafeini iliyomo kwenye vidonge vyako hupandisha, na vidonge vya kupanga uzazi vyenye estrojeni navyo hupandisha. Hivyo vya kupanga nitavirudia, usiviruke.

Mamako mkwe simbishii. Ametafuta afya yako kwa njia aliyoijua, na kombe halina ubaya ikiwa wino wake ni zafarani na maji ni safi. Kuumikwa siwezi kukusifia, ushahidi wake kwa kichwa ni mdogo. Ukikubali tena, wembe uwe mpya, ufunguliwe mbele yako. Kosa huwa pale mtu anapozunguka kwa waganga miezi sita ilhali jibu liko kwenye pakiti ya dawa iliyo mkobani mwake.

Sasa kile kichwa cha kwanza. Hicho ni kipandauso, na maelezo yako hayaniachii shaka kubwa: upande mmoja, kinapiga, kinakulaza, kutapika, kuchukia mwangaza na kelele na harufu, kinaisha ndani ya siku moja. Kwa kawaida hudumu saa 4 hadi 72. Ukitembea au ukipanda ngazi kinazidi, ndiyo maana mwenye nacho hujilaza tuli.

Watu hushangaa nikiwaambia kuwa ubongo wenyewe hauumi. Daktari wa upasuaji anaweza kuugusa mgonjwa akiwa macho, asihisi kitu. Kinachouma ni vilivyouzunguka: utando unaoufunika, mishipa ya damu iliyomo kwenye utando huo, misuli ya shingo na ya kichwa, na mshipa mkubwa wa fahamu wa uso ambao matawi yake hupita kwenye paji, jichoni, shavuni mpaka tayani. Waliouita ugonjwa huu kipandauso waliona sawasawa. Nilipokuwa chuoni tulifundishwa kwamba ni mishipa ya damu inayojibana kisha ikapanuka, basi. Somo hilo limepitwa na wakati. Tunachojua leo ni kwamba kipandauso ni ugonjwa wa ubongo wenye hisia kali, unaorithiwa (hebu muulize mamako mzazi na khaleti zako), na kwamba mshipa ule wa uso ukichokozwa humwaga kwenye utando wa ubongo kemikali, mojawapo ikiwa protini ndogo iitwayo CGRP. Hiyo huwasha mishipa ya damu na kufanya kila pigo la moyo liume. Mchi unaousikia kwenye kinu ni moyo wako mwenyewe.

Vile vimulimuli vyenye meno ya msumeno si macho mabovu wala si majini. Ni wimbi la umeme linalotambaa juu ya sehemu ya ubongo inayopokea picha kutoka machoni, mwendo wa kama milimita tatu kwa dakika, likiacha nyuma yake sehemu iliyozimika kwa muda. Wa kwanza kulieleza alikuwa Mbrazili, Aristides Leão, mwaka 1944, akifanya utafiti kwa sungura. Ukilifunga jicho moja bado unaviona, sivyo? Ni kwa sababu haviko jichoni. Hudumu dakika 5 hadi 60. Wengine hawaoni kitu ila mkono na mdomo wa upande mmoja hufa ganzi taratibu, au maneno hugoma kutoka. Si kila mwenye kipandauso huona vimulimuli, wengi hawavioni. Wewe unaviona, na hilo lina maana kubwa kwa dawa zako.

Hauko peke yako. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao bilioni 3.1, yaani kama 40 katika kila 100, walikuwa na ugonjwa wa kichwa wa namna moja au nyingine. Kwa kipandauso wanawake ni wengi kuliko wanaume, mara mbili hadi tatu, na homoni zina mkono mkubwa: estrojeni ikishuka ghafla karibu na hedhi, ubongo wenye kipandauso unaichukulia kama uchokozi. Ndiyo ile “karibu na siku zangu” uliyoiona mwenyewe bila kuambiwa na mtu.

Kwa ajili ya wasomaji wengine niseme kidogo juu ya vichwa visivyokuwa vyako. Kilicho kingi kuliko vyote ni kile cha mkazo: kinakamata pande zote mbili kama kilemba kilichokazwa, hakipigi, hakitapishi, na mtu anaendelea na kazi zake huku akinung’unika. Kutembea hakukizidishi, mara nyingine hukipunguza. Kipo kingine, nadra, kinachowashika wanaume zaidi: jicho moja hutoka machozi na kuwa jekundu, pua ya upande huo huziba, na maumivu huwa makali hata mtu hawezi kulala, anapita huku na huku chumbani usiku wa manane. Humaliza kati ya dakika 15 na saa tatu, huja kila siku kwa wiki kadhaa, kisha hupotea miezi mingi. Dawa yake ya papo hapo ni oksijeni safi kwa barakoa, lita 12 hadi 15 kwa dakika, na aliye nacho asipoteze muda na Panadol. Na wale wanaoniambia “daktari, mimi nina sinasi”: nikiwauliza vizuri, wengi wao wana kipandauso kinachoziba pua kidogo. Sinasi ya kweli huja na makamasi mazito ya rangi, na mara nyingi homa.

Turudi kwako, kwa yule mgeni.

Hesabu nami. Vidonge viwili kila alfajiri ni siku 30 kwa mwezi. Mpaka wa vidonge vya mchanganyiko, vile vyenye aspirini, parasetamoli na kafeini pamoja, ni chini ya siku 10 kwa mwezi. Parasetamoli peke yake, au ibuprofeni peke yake, ni chini ya siku 15. Angalia tunahesabu siku, hatuhesabu vidonge. Mwenye kipandauso akivuka mpaka huo zaidi ya miezi mitatu, na kichwa kikawa kinamuuma siku 15 au zaidi kwa mwezi, tunasema ana kichwa cha kuzidisha dawa. Dawa ile ile iliyokuwa ikikiondoa ndiyo sasa inayokileta. Najua inasikika kama kitendawili, na wagonjwa wangu wa Malindi wakisikia mara ya kwanza hunitazama kama ninayewanyima haki yao.

Inakuwaje? Mwili una njia zake za kutuliza maumivu, kama breki. Breki hizo zikiletewa msaada kutoka nje kila siku, hulegea, na mishipa ya fahamu huzidi kuwa myepesi kuchokozeka, hata jambo dogo ambalo zamani lisingeuma sasa linauma. Mfikirie mtoto aliyezoeshwa kubebwa. Ukimteremsha analia, ukimbeba ananyamaza, na kila ukimbeba unamfundisha kulia. Dozi yako ya jioni inakwisha mwilini usiku ukiwa umelala, kafeini nayo inakwisha, na saa kumi alfajiri mtoto analia. Unambeba kwa vidonge viwili. Ndivyo siku zako zinavyozunguka.

Jambo hili huwapata hasa wale ambao tayari wana ugonjwa wa kichwa. Bibi anayemeza dawa kila siku kwa sababu ya magoti, na hajawahi kuumwa kichwa, haanzi kuumwa kichwa kwa ajili yake (tumbo na figo zake ni habari nyingine). Kwa hiyo hukufanya uzembe. Una ubongo wa kipandauso, una kazi isiyongoja, na hakuna aliyekwambia mpaka uko wapi. Pakiti yenyewe imeandikwa kwa herufi za sisimizi. Lakini yule muuzaji anayetaka kukupa “vikali zaidi”, mshukuru na uondoke. Vikali hivyo aghalabu vina kodeini au tramado, na hizo hukifikisha kichwa mahali hapa upesi zaidi, na kutoka kwake ni kugumu zaidi.

Kabla ya namna ya kutoka, vidonge vya kupanga uzazi. Hili ndilo la haraka kuliko yote. Kama ni vile vyenye homoni mbili, estrojeni na projestini, ambavyo ndivyo vinavyotumiwa na wengi, basi havikufai, kwa sababu ya vile vimulimuli. Mwanamke mwenye kipandauso cha vimulimuli tayari ana hatari ya kiharusi iliyozidi kidogo, na estrojeni huiongeza. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unaliweka jambo hili daraja la 4, yaani njia hiyo isitumike, katika umri wowote. Sisemi utapata kiharusi kesho. Kwa mwanamke mmoja mmoja hatari yenyewe bado ni ndogo. Lakini kiharusi kikishapiga hakirudi, na njia nyingine ziko tele: kijiti cha mkononi, sindano ya miezi mitatu, koili, au vidonge vya homoni moja tu. Nenda kliniki ya uzazi wiki hii, uwaambie neno kwa neno: “Nina kipandauso, na kabla yake huona vimulimuli.” Wengi hawaulizi, basi useme wewe. Ukiviacha leo, tumieni mipira mpaka upate njia nyingine, maana mimba katikati ya mambo haya sikuombei.

Namna ya kutoka, sasa. Vidonge vya mchanganyiko huachwa kwa mara moja, vyote. Kupunguza kidogo kidogo kunawezekana, ila wengi huishia kupunguza mwaka mzima. (Anayetumia kodeini au tramado kila siku asiache kwa ghafla, huyo apunguziwe na daktari.) Nisikudanganye: siku mbili mpaka kumi za mwanzo ni mbaya. Kichwa kitazidi kabla hakijapungua, moyo utakuchafuka, usingizi utakuwa mwembamba, na watu wa nyumbani watakuona mkali. Wengi hurudi kwenye pakiti siku ya tatu wakidhani njia haifanyi kazi, kumbe ile siku ya tatu ndiyo njia yenyewe. Kuanzia wiki ya pili mambo hutulia, na hali kamili huonekana baada ya miezi miwili hivi. Kwa wengi kichwa cha kila siku hupotea, na kinabaki kile cha zamani, cha kutembelea.

Kazi ya mahamri uiwekee mtu wa kukushikia siku kumi. Kikombe kimoja cha kahawa au chai asubuhi kisiondoke. Ukikata vidonge na kahawa siku moja utakuwa umejiletea vita viwili. Mwambie daktari akuandikie metoklopramidi ya kichefuchefu, siku chache tu. Na usiingie peke yako mikono mitupu: omba dawa ya kinga ianze siku hiyo hiyo.

Kinga ni dawa inayonywewa kila siku, iwe unaumwa au huumwi, ili ubongo upunguze uchokozekaji. Si ya kutuliza maumivu, na wala haina ile tabia ya kukirudisha kichwa. Amitriptilini huanza kwa miligramu 10 usiku, tena mapema, kama saa mbili, wewe unayeamka saa kumi, la sivyo utauza mahamri unasinzia. Hukausha mdomo. Iliundwa kwa ajili ya sonono na bado hutumika huko, kwa hiyo usishtuke ukiisoma karatasi yake. Kwa dozi hii ndogo tunaitumia kutibu maumivu. Propranololi ni dawa ya presha na moyo, na kama huna pumu, kwako ningeanza nayo, kwa sababu itaishika na ile 134/86. Mwenye pumu asiiguse. Zipo pia topiramati na valproati, ila hizo huweza kumdhuru mtoto tumboni, na valproati kwa mwanamke wa umri wa kuzaa mimi siandiki kwa sababu ya kichwa. Tangu 2018 zimetoka sindano zinazoizuia ile CGRP yenyewe. Ni dawa nzuri, bei yake kwa wengi wetu haishikiki. Chochote utakachopewa, kipe wiki nane mpaka kumi na mbili kabla ya kukihukumu. Kipandauso hakuna dawa ya kukiondoa moja kwa moja, na anayekuahidi hivyo anakuuzia kitu. Tukivipunguza kwa nusu tumeshinda, na wanawake wengi huona nafuu hedhi ikishakoma.

Baada ya zile siku za mwanzo, kipandauso cha kweli kikija, utakipiga mapema na kwa dozi inayotosha, lakini si zaidi ya siku mbili kwa wiki. Kosa la wengi ni kumeza kimoja, kungoja, kuongeza nusu. Ibuprofeni miligramu 400 pamoja na chakula, kama tumbo na figo zako ni nzima na huna mimba. Au parasetamoli miligramu 1000, ambayo ni vile vya 500 viwili. Wakati wa kipandauso tumbo huzubaa, dawa hukaa humo haiendi damuni, ndiyo maana metoklopramidi kabla yake husaidia hata kwa asiyetapika. Hizo zikishindwa iko sumatriptani, dawa mahsusi ya kipandauso. Hunywewa maumivu yanapoanza, si wakati wa vimulimuli, na haimfai mwenye ugonjwa wa moyo, aliyewahi kiharusi, au mwenye presha isiyodhibitiwa.

Watu hupenda kuuliza vichochezi, wakitaka orodha ya vyakula vya kususia. Mimi si mpenzi wa orodha hizo. Kichochezi kimoja mara nyingi hakitoshi. Ni usingizi mdogo, juu yake njaa, juu yake jua la kaskazi linalong’aa kwenye maji, juu yake hedhi, na udi ndio unaojazia kibaba. Kwako naona kulala kuchache na, nadhani, kukaa bila kula mpaka saa nne ndivyo vikubwa. Kula kitu kabla ya kuwasha jiko. Vaa kofia ya ukingo au miwani ya jua ukishuka pwani mchana. Na mfungo ukikaribia, punguza kahawa taratibu wiki moja au mbili kabla, kwa sababu kichwa cha siku za kwanza za Ramadhani kwa watu wengi ni kahawa inayodai haki yake. Daku usiliache. Siku ya kipandauso cha kutapika, dini imempa mgonjwa ruhusa ya kulipa siku nyingine. Nenda kwa shekhe wako akufafanulie.

Umetaja jiko. Ni la makaa, na liko ndani? Kama liko chumbani na madirisha yamefungwa, makaa hutoa gesi isiyo na harufu inayoumiza kichwa na inayoua. Dalili yake ni kwamba kila aliyemo humo anaumwa kichwa, paka naye analegea, na mkitoka nje mnapata nafuu. Toa jiko uani.

Kuna hali ambazo haya yote niliyoyaandika huwekwa kando, mtu anapelekwa hospitali saa hiyo hiyo. Kichwa kilichopiga ghafla kama radi, kikafika kilele chini ya dakika moja. Kichwa na homa na shingo iliyokakamaa, au mtu anayezubaa. Uso kwenda upande, mkono kulegea, maneno kupotea. Kwako wewe, vimulimuli vikizidi saa moja au ganzi ikija ghafla badala ya taratibu. Kichwa baada ya kuanguka au kugongwa. Kichwa kipya kwa aliyepita miaka 50, hasa kama taya humuuma akitafuna. Mjamzito aliyepita wiki 20, kichwa kikali, vidoa machoni, miguu imevimba: huyo ni dharura hata kama anajisikia anaweza kungoja. Na mwenye virusi vya ukimwi mwenye kichwa kisichokwisha asiambiwe ni mawazo. Walioko Pate, Faza au Kiunga wasingoje boti la asubuhi. Homa yenyewe, hata bila shingo kukakamaa, pima malaria kabla ya kumeza chochote. Pwani hii bado ipo.

Kwako, nenda hospitali ya King Fahad hapo Lamu na daftari. Andika kila siku kitu kimoja tu: kichwa kimeuma au la, na umemeza nini. Chukua pakiti zote ulizo nazo, tupu na zilizojaa, pamoja na karatasi ya vidonge vya uzazi, uzimwage mezani mbele ya daktari. Zitamwambia mengi kuliko picha ya CT.

Harusi ni wiki saba. Ungeniambia wiki mbili ningesema ngoja ipite kwanza. Wiki saba zinatosha: ukishaonwa wiki hii na kuanza kinga, acha vidonge vya mchanganyiko Jumamosi ijayo, wiki ya pili ndiyo utakuwa umevuka pabaya, na zitabaki tano za kupika na kushona. Siku yenyewe kula mapema, lala hata saa moja mchana. Na chetezo cha udi apewe mtu mwingine akishike.